Mac au Windows? Tuulize Shehena Kabla ya Chombo

Pana mjadala ulioingia katika majumba mengi ya Pwani, nao wataka kuamuliwa kwa hoja wala si kwa hamaki. Kijana amemaliza skuli, au nyumba ina jamaa aliyeko Ghuba atakayerudi likizoni, na watu wamekubaliana kwamba inunuliwe laptopu moja. Mzazi aitaka kwa masomo. Kijana naye aitaka kwa masomo, lakini moyoni mna mchezo. Hapo ndipo lizukapo swali: tununue Mac ya Apple, au kompyuta ya Windows? Huyu asema Mac ndiyo yenye heshima na kudumu. Yule asema Mac ni pambo la mezani, haichezeki kitu. Na kila mmoja ana ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo iponzayo watu.

Jambo hili si la watoto peke yao. Fedha inayotoka ni jasho la mtu, na aghalabu ni akiba ya mwaka mzima ya mama au dada aliyeko Jidda, Dubai au Maskati. Mashine ikishanunuliwa na kuvushwa bahari, hapana wa kuipokea tena ila kwa hasara. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi; nasi twaongeza kwamba ghali nayo huvunja nyumba, ikiwa kilichonunuliwa hakifanyi kazi kilichonunuliwa kwayo. Basi na tulipime jambo hili.

Mchezo ulihamaje?

Wengi hudhani Mac ina uhaba wa michezo kwa sababu mashine yenyewe ni dhaifu. Historia yakataa. Mwaka 1993 mchezo wa Myst, uliovuma duniani kote, ulitungwa juu ya Mac. Mwaka huohuo ukatoka Doom, nao ulitengenezwa kwa kompyuta za NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs alipoondoka Apple. Lakini Doom haukuwafikia watu kwa NeXT. Uliwafikia kwa kompyuta za kawaida zilizoendeshwa na DOS ya Microsoft, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zimejaa majumbani na maofisini. Fundi alikuwa upande mmoja, soko upande mwengine.

Microsoft ikalitambua hilo mapema. Ilipotoa Windows 95 mwezi wa Agosti 1995, ilihakikisha Doom unachezeka ndani yake, na mkuu wake, Bill Gates, akajitia mwenyewe katika filamu ya tangazo, amevaa koti refu na kushika bunduki ya mchezo huo. Mwaka huohuo ikatoa DirectX, yaani lugha moja ambayo kwayo mchezo husema na kadi ya picha na ya sauti, bila ya mtungaji kuhitaji kujua kila kadi ilitengenezwa na nani. Tangu siku hiyo mtungaji akawa na njia nyepesi, na njia hiyo yaishia kwenye Windows.

Kisha likaja tukio ambalo wapenzi wa Mac hawajalisahau. Mwezi wa Julai 1999, katika maonyesho ya Macworld mjini New York, Steve Jobs alisimama jukwaani akawaonyesha watu mchezo mpya ulioitwa Halo, kazi ya kampuni ya Bungie ambayo ilijijengea jina kwa michezo ya Mac. Haukupita mwaka, Juni 2000 Microsoft ikainunua Bungie yenyewe, na Novemba 2001 Halo ukatoka kwa Xbox, mtambo wa Microsoft. Wenye Mac waliusubiri hadi 2003. Mwenye fedha na nia alimchukua fundi na vyombo vyake, na Apple wakati huo nia hiyo haikuwa nayo.

Matokeo yake twayaona leo. Katika Steam, duka kubwa kabuliko yote la michezo ya kompyuta, zaidi ya watu 9 katika kila 10 hutumia Windows. Wenye Mac hukaa karibu na 2 katika kila 100, na wale wa Linux wamekwishawapita. Mtungaji wa mchezo ni mfanyabiashara kama mwengine. Hatafunga shehena kwa bandari isiyo na wanunuzi. Na wanunuzi nao hawaendi kwenye bandari isiyo na shehena. Ni mduara, na mwenye kuingia ndani yake kwa kununua Mac ya mchezo yafaa ajue kwamba anaingia.

Mwenye nyumba abadilishaye makufuli

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni nzito zaidi. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, na aliyeurithi kwa babu yake aucheza leo vilevile ulivyochezwa zamani. Mchezo wa kompyuta sivyo. Huo waishi kwa idhini ya mfumo uliouchukua, na mfumo ukibadilika, mchezo hufa ijapokuwa ulilipiwa.

Apple imebadilisha moyo wa Mac mara tatu. Mac ya kwanza ilitoka 1984. Mwaka 1994 ikahamia prosesa za PowerPC. Mwaka 2006 ikahamia za Intel. Na tangu Novemba 2020 yatumia prosesa zake yenyewe, ikianza na ile ya M1. Kila ilipohama iliweka mkalimani wa kuziwezesha programu za zamani kuendelea kwa muda, kisha ikamwondoa. Mkalimani wa programu za PowerPC aliondolewa mwaka 2011. Mwezi wa Oktoba 2019, kwa mfumo wa Catalina, Apple ilizifungia mlango programu zote za biti 32, na kwa siku moja michezo mingi ambayo watu waliinunua kwa fedha zao ikawa haifunguki. Ikiwa mtungaji wa mchezo alikuwa amekwisha kufunga duka lake, basi hapana wa kuufufua.

Na jambo hili halikuisha. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta 2, mkalimani wa programu za Intel, atatumika kwa ukamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo itabakishwa sehemu yake tu kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani isiyoshughulikiwa tena. Ni afueni kidogo kuona michezo imekumbukwa. Lakini mnunuzi amekwisha kuonywa, na asiseme kesho kwamba hakuambiwa.

Microsoft, kwa upande wake, imefuata desturi ya kuhifadhi vya kale. Michezo mingi ya miaka ya 2000 hufunguka hadi leo katika Windows, pengine kwa kusukumwa kidogo. Ndiyo maana Windows imejaa makorokoro ambayo watu huyalalamikia. Ni nyumba ambayo mwenyewe hatupi kitu. Kwa mpenda unadhifu hilo ni aibu. Kwa mwenye michezo 40 aliyoikusanya kwa miaka 10, hilo ni amana iliyotunzwa.

Hali ilivyo leo

Haki yataka tuseme na mazuri ya Apple, kwani hali ya leo si ile ya mwaka 2015. Prosesa zake zina nguvu na hazili umeme. Juni 2023 ilitoa zana za kuwasaidia watungaji kuihamishia michezo ya Windows kwenye Mac, na baadhi yao wakaitikia. Resident Evil Village uliingia 2022, Baldur's Gate 3 ukaingia 2023, Death Stranding ukaingia Januari 2024, na mwaka 2025 wakafuata Assassin's Creed Shadows na Cyberpunk 2077. Football Manager, mchezo wa wale wapendao kuongoza timu kwa akili badala ya vidole, una nafasi yake kwenye Mac tangu zamani. Minecraft, Roblox na League of Legends nazo zapatikana.

Lakini itazameni orodha ya pili, ndiyo inayowahusu vijana wetu zaidi. Mchezo wa mpira wa EA, ule uliokuwa ukiitwa FIFA na tangu 2023 waitwa EA Sports FC, haupo kwenye Mac. Grand Theft Auto V, uliofika kwenye kompyuta 2015, haupo. Valorant haupo. Call of Duty za miaka hii hazipo. Counter-Strike ulikuwapo, lakini ulipotoka Counter-Strike 2 mwaka 2023, kampuni ya Valve ilisema wenye Mac, hata wakijumlishwa na wenye kompyuta kongwe, hawakufika hata mmoja katika kila wachezaji 100, basi ikawaacha. Fortnite kwenye Mac ulisita kupokea mapya 2020, wakati Apple na Epic Games walipopelekana mahakamani. Mchezaji akaachwa nje ya ukumbi akisubiri matajiri wawili wamalize kesi yao.

Wako wasemao kwamba pana mlango wa nyuma. Ni kweli ulikuwapo mmoja mzuri: Mac za Intel ziliweza kuwekwa Windows ndani yake na kuwashwa kwa mfumo wautakao. Mac za M1 na zilizofuata haziwezi hivyo. Iliyobaki ni programu za kuigiza Windows, kama vile CrossOver na Parallels. Hizo hufaa kwa michezo kadhaa, lakini michezo ya kushindana kwa mtandao ina walinzi wa kuzuia udanganyifu, na walinzi hao huikataa Windows ya kuigiza. EA Sports FC ni mmoja wao. Basi asimnunulie mtu mwanawe Mac kwa ahadi kwamba mpira utapatikana kwa ujanja.

Mlango mwengine ni kukodi kompyuta ya mbali, mchezo uchezeke huko na picha zije kwa intaneti, kama GeForce NOW ifanyavyo. Ni fikra nzuri, na Mombasa ndipo nyaya za baharini zinapopanda nchi kavu. TEAMS na SEACOM zilifika 2009. Hata hivyo, mchezo wa namna hii wataka mtambo uwe karibu, kwani picha ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya nukta, mpira umekwisha kuingia golini nawe hujaona. Na nyaya zenyewe hukatika. Mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Anayetegemea njia hii aitegemee kwa Football Manager na mfano wake, asiitegemee kwa mapambano.

Windows nayo ina lake

Sasa asidhani mtu kwamba twasema: nunua chochote chenye jina la Windows. Hapa ndipo vijana wengi wanapotegwa. Windows ni mfumo. Mashine zinazouchukua ni maelfu, nzuri na mbovu. Laptopu nyembamba ya ofisini isiyokuwa na kadi ya picha ya peke yake si mashine ya mchezo, na MacBook Air huenda ikaishinda katika michezo ile ambayo zote mbili zinaikubali.

Kwanza, pana suala la umri. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yadai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel yataka prosesa za kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu nyingi zilizokwisha kutumika, zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai na kupangwa madukani zikimetameta, ni za kizazi cha 6 na cha 7. Bei yake hupendeza, na mwenye duka hatakwambia. Muulize kizazi gani, na umwombe afungue mashine ukaone mwenyewe.

Pili, litazamwe jina la kadi na lisitazamwe peke yake. RTX 4060 ya laptopu ina kumbukumbu yake ya gigabaiti 8, lakini kadi ya jina hilohilo yaweza kupewa umeme wa wati 35 katika mashine moja na wati 115 katika nyengine. Majina ni sawa na nguvu si sawa, mfano wa mashua mbili za rangi moja, moja ina injini kubwa na nyengine ina ya kuvulia ngisi. Kumbukumbu ya mashine yenyewe isipungue gigabaiti 16. Tena, tangu 2024 zimetoka laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon, ambazo zasifika kwa betri. Lakini si za mchezo, na zilipotoka michezo mingine ilikataa kabisa kufunguka ndani yake.

Tatu, ni hali ya hewa na umeme wetu. Laptopu ya mchezo ni nzito, feni zake hulia, na chaja yake ni tofali. Ukiichomoa ukutani hupungua nguvu, na betri haifiki mbali. Kenya ilipoingia gizani nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, mwenye MacBook aliendelea na kazi yake usiku ule. Mwenye laptopu ya mchezo hakufika mbali. Lakini MacBook Air nayo haina feni hata moja, na mchezo mzito ukidumu, mashine hupoa kwa kujipunguzia mwendo. Katika joto la Februari na Machi la Lamu au Mombasa, mchezaji atalihisi hilo mapema kuliko yule aliyeko London.

Nne, pana nafasi ya kuweka vitu. MacBook Air ya M4, iliyotoka Machi 2025 kwa bei ya kuanzia dola 999 huko Marekani, ilianza na hifadhi ya gigabaiti 256. Baldur's Gate 3 peke yake wataka gigabaiti 150. Hesabu ni nyepesi. Na katika MacBook huongezi kumbukumbu wala hifadhi ya ndani baada ya kununua; ulichochagua dukani ndicho ulichokifunga nacho ndoa. Laptopu nyingi za mchezo za Windows hufunguka kwa bisibisi, na fundi akaziongeza. Hilo lina thamani katika nchi ambayo watu hununua kidogo kidogo, ijapokuwa mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani, kwa kuwa majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia yalikuwa yakizinyakua.

Umilki wa nani?

Lakini juu ya mashine kuna swali la mkataba. Tumezoea kwamba mtu akitoa thamani na akapokea kitu, kitu ni milki yake. Akitaka atauza, akitaka atamwachia mwanawe. Michezo ya leo haiuzwi hivyo. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji kusema wazi kwamba anachopata mnunuzi ni ruhusa ya kutumia, na Steam ikaanza kuliandika hilo mbele ya mnunuzi mwaka huohuo. Kwa lugha yetu ya biashara hii ni ijara iliyovishwa kanzu ya mauzo. Lililo zuri ni kwamba Steam yatoa khiyari: mchezo warudishwa ikiwa hazijapita siku 14 na hukuucheza saa 2. Mwenye kujaribu mchezo kwenye Mac na aitumie khiyari hiyo, asione haya.

Na matajiri wa mchezo wenyewe wamesogea karibu nasi. Riyadh imekuwa uwanja wa Esports World Cup, 2024 na 2025, na zawadi za mwaka 2025 zilipita dola milioni 70. Mwezi wa Septemba 2025 hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia, pamoja na washirika wake, ilitangaza mapatano ya kuinunua EA, wenye ule mchezo wa mpira, kwa dola bilioni 55. Basi kijana wa Pwani asemapo kwamba mchezo ni kazi, asichekwe. Lakini naye asijidanganye. Wanaoshindania zawadi hizo ni wachache mno, na riziki pana zaidi iko kwa watengenezao michezo kuliko kwa waichezao. Na hapa Mac yapata sifa yake: atakaye kutengeneza programu za iPhone na kuziweka katika duka la Apple hana budi kuwa na Mac.

Hukumu

Almuradi, swali la "Mac au Windows" limeulizwa kinyume. Swali la kwanza ni: mchezo gani? Kijana na akae chini aandike majina matano ya michezo aitakayo kwa yakini, si ile aliyoisikia. Kisha kila jina litafutwe kama lakubali Mac. Ikiwa mpira wa EA, Valorant au Call of Duty imo, mjadala umekwisha: ni Windows yenye kadi ya picha ya peke yake, iliyo mpya kiasi cha kubeba Windows 11. Ikiwa orodha ni Football Manager, Minecraft na mfano wao, na kazi kubwa ni masomo, maandishi, picha na filamu, basi Mac itamtumikia kwa miaka mingi na haitamsumbua kwa umeme. Na ikiwa orodha nzima ni mpira mtupu, basi laptopu ya kawaida ya masomo na mtambo wa PlayStation uliokwisha kutumika huenda ukawa nafuu kuliko kulazimisha mashine moja ifanye kazi za mbili.

Kwa wale wanunuao Ghuba, liko jambo moja jepesi: plagi za huko ni zetu, za pini tatu za mraba, na kibodi zenye herufi za Kiarabu kando ya za Kilatini hazidhuru mchezo hata kidogo. Lakini dhamana waliyoiandika huko waulize kama yafika Mombasa, nao wapewe jibu kwa maandishi.

Mzazi naye asiudhike akisikia kwamba kijana ana mchezo moyoni. Afadhali aliyesema ukweli mbele ya ununuzi kuliko aliyetaja masomo, akanunuliwa chombo kisichofaa, kisha akakiuza kwa hasara. Orodha ya majina matano haigharimu shilingi. Iandikwe kabla ya fedha kutumwa, isomwe mbele ya baba na mama, na yule aliyeko ng'ambo asomewe kwa simu, kwani jasho ni lake na ana haki ya kujua anachokinunua.